Kabla ya kushikiza vipande vya fremu ya pikipiki kwa mashine ndogo ya kuchomelea

Mashine ndogo ya kuchomelea, ile ya ampea 100 au 120 inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, ina uwezo wa kushikiza vipande vya fremu ya pikipiki vikakaa sawasawa. Kinachoiangusha mara nyingi ni maandalizi. Mashine kubwa huvumilia kutu kidogo au mwanya ulioachwa kwa haraka, ikayeyusha chuma hivyo hivyo. Hii ndogo haina akiba ya nguvu, kwa hiyo kila unachokisahau mwanzoni utakikuta kwenye nukta, yaani weldi fupi ya kushikiza.

Anza kwa kujua unashikiza nini. Nukta kazi yake ni kuzuia kipande kisihame mpaka kichomelewe chote. Vishikizo vya kasha la betri, vya kava za ubavuni au vya madigadi ni kazi inayoifaa mashine hii. Shingo ya usukani, egemeo la mkono wa gurudumu la nyuma na sehemu zinazofungwa injini ni habari nyingine: hapo shikiza ili kupanga tu, kisha fremu iende kwa fundi mwenye mashine ya kutosha na mkono uliozoea. Zungumza naye kabla hujawasha chochote. Kama atamalizia kwa TIG (uchomeleaji wa gesi na sindano ya tungsteni), huenda asitake kukuta nukta za elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, na gamba lake. Anaweza kukuambia umletee vipande vikiwa vimefungwa kwenye jigi (kishikio cha kuvipanga vikae mahali pake) azipige nukta mwenyewe. Na pikipiki iliyoshikizwa kwa nukta tu haiendeshwi, hata kuzunguka ua.

Pima unene wa chuma kwa kalipa, kwa sababu jicho hudanganya. Mabomba mengi ya fremu yana ukuta wa kati ya milimita 1.5 na 3. Kwa unene huo mimi huchagua elektrodi E6013 ya milimita 2 na kuanzia ampea 50 hadi 60 hivi, kisha narekebisha kwenye chakavu. Ya milimita 2.5 inataka ampea zaidi, na kwenye bomba jembamba hutoboa upesi. Ukitumia waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi, hakikisha tochi, yaani mkono unaotoa waya, imeunganishwa upande wa hasi. Mashine iliyokuwa ikitumika na gesi huwa imeunganishwa kinyume, na hapo utapata matone mengi na nukta dhaifu.

Sumaku itakutenganishia alumini na chuma, na fremu ya alumini iache kabisa kwa mashine ya aina hii. Lakini sumaku haitakuambia kama bomba ni chuma laini au kromoli. Kromoli ya 4130 ina kaboni karibu asilimia 0.3, pamoja na kromi na molibdeni. Nukta ndogo juu yake hupoa ghafla, kwa kuwa chuma baridi kilichoizunguka kinanyonya joto lote, na chuma kilichopoa hivyo kinakuwa kigumu na hupasuka kwa urahisi. Tafuta maelezo ya mtengenezaji wa fremu. Usipoyapata, usiguse.

Usafi ndio sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Ondoa rangi, kutu na mafuta mpaka chuma king'ae, angalau sentimita 2 kila upande wa kiungo, na ndani ya mdomo wa bomba pia. Usisahau pale klempu ya ardhi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine, itakapobana; klempu iliyokaa juu ya rangi hufanya tao (ule mwale wa umeme unaoyeyusha chuma) liwe la kukatikakatika hadi mtu aanze kuilaumu mashine. Boliti na vipande vilivyopakwa zinki vikwanguliwe kwanza, kwani moshi wa zinki huleta homa na baridi ya mwili saa kadhaa baadaye. Kromi nayo iondolewe, maana moshi wake ni sumu, na hata unapoikwangua vaa barakoa ya vumbi. Halafu hili lishike: usisafishe kwa dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa tao hutoa fosjini, gesi inayoharibu mapafu, na kiasi kidogo tu kinatosha kuua. Tumia asetoni, acha ikauke kabisa, na chupa iende mbali na eneo la kazi.

Vua tangi la petroli pamoja na mipira yake, ulitoe nje. Tangi tupu si salama kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka, nao ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Tenganisha betri na uchomoe kompyuta ya injini kama ipo. Klempu ya ardhi ibane karibu na kiungo, kwenye kipande kilekile, ili umeme usipite kwenye beringi. Bomba lililozibwa pande zote litobolewe tundu dogo la kupumulia.

Umeme wenyewe: waya wa ekstensheni uwe mfupi na mnene, milimita za mraba 2.5 au zaidi, na ukunjuliwe wote. Uliobaki kwenye gurudumu lake hupata moto, na mwembamba unakula volti ambazo mashine ndogo inazihitaji.

Vipande vikae bila mwanya unaozidi milimita 1. Vifunge kwa klempu kwenye meza nzito au jigi, ekseli ya gurudumu ikiwa mahali pake, upime kutoka shingoni hadi ekseli pande zote mbili. Panga nukta zifuatane kwa kukabiliana, juu kisha chini, kulia kisha kushoto, kwani kila nukta inapopoa huvuta chuma upande wake. Pima tena baada ya kila jozi.

Kabla ya fremu yenyewe, piga nukta kwenye chakavu cha unene uleule, ipoe, kisha ivunje kwa nyundo. Ikibanduka nzima na kuacha alama laini chini yake, haikuingia. Ilikaa juu tu, hata kama kwa nje ilionekana nzuri. Unachotaka ni chuma kichanike. Ongeza ampea kidogo au kaa sekunde moja zaidi, ujaribu tena.

Kofia ya kioo namba 10, glavu za ngozi na nguo za pamba ziwe tayari. Nailoni huyeyuka mwilini. Mtu anayepiga nukta hushawishika kufumba macho badala ya kushusha kofia, na maumivu humfikia usiku. Weka kizimamoto karibu, na panga kubaki hapo nusu saa baada ya nukta ya mwisho, kwa sababu cheche iliyojificha kwenye kitambaa huwaka polepole. Ukiona nukta imepasuka wakati inapoa, isage yote kwa grainda na uanze upya. Kuchomelea juu yake ni kuufunika ufa ambao utaendelea kutembea chini ya weldi.