SOMO: Kaliba na kichwa cha risasi kwa mnyama mkubwa (tandala, pofu, nyati)

Wakuu, salaam. Msimu ukikaribia simu yangu haipoi, na swali ni lile lile: "Mzee, ninunue kaliba gani?" (kaliba ni kipimo cha upana wa risasi na aina ya ganda lake). Wengi wanaouliza wameshaiona bunduki dukani na kuipenda, sasa wanatafuta mnyama wa kuifaa. Mimi huwarudisha nyuma: anza na mnyama, dukani nenda mwisho.

Niwape kisa kilichonifunza. Miaka ya nyuma, upande wa Manyoni, nilimpiga pofu dume kwa bunduki ya kaliba .30-06. Mita kama 80, kasimama ubavu, asubuhi tulivu. Risasi zangu zilikuwa za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ncha laini, za bei poa, kwa sababu ndizo zilizokuwapo. Nilisikia kabisa mlio wa risasi kuingia nyamani. Pofu akatikisa kichwa, akaondoka kwa ule mwendo wake wa mchakamchaka, miguu ya mbele ikilia ka, ka, ka kama mtu anayevunja vidole. Tulimfuata tangu saa moja hadi saa nane mchana, damu tone moja hapa, jingine hatua hamsini mbele. Tulipompata ilibidi kumpiga tena. Wakati wa kuchuna, mwenzangu akatoa kitu chini ya ngozi ya bega: koti la shaba limekunjuka, tupu, jepesi kama ganda la karanga. Risasi yote ilisagika kwenye mfupa wa bega, mapafu haikuyagusa. Kaliba haikuwa na kosa, shabaha haikuwa mbaya sana. Kilichoniangusha ni kichwa cha risasi.

Kabla ya yote: kibali cha kumiliki silaha ni cha Polisi, leseni ya kuwinda ni ya wanyamapori. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Hilo tusirudie tena.

Hatua ya 1: Mjue mnyama

Swala pala dume ana kilo 60 hivi. Tandala mkubwa dume anafika 250. Pofu dume anaweza kupita 700, na nyati dume yuko hapo hapo. Lakini kwenye mizani pofu na nyati ni ndugu, porini hapana. Pofu ukimjeruhi anakwenda zake. Nyati ukimjeruhi anazunguka, anajificha karibu na njia aliyopita, anakusubiri. Kwa hiyo bunduki ya nyati unaichagua kwa ajili ya risasi ya pili, ile ya mita 10, mnyama akiwa anakuja.

Hatua ya 2: Tazama pori

Vile vichaka vya Itigi anayevijua anavijua: ukiingia unaona mita 20, pengine pungufu, na miiba inakushika kofia. Huko darubini ya kukuza mara 12 ni mzigo tu. Ukienda kwenye miombo ya Rungwa baada ya nyasi kuungua unaona mita 150 bila shida. Kwetu huku kati, mnyama mkubwa hupigwa ndani ya mita 100. Usilipie kasi ya risasi ya kupiga mita 400 ambayo hutaipiga maishani.

Hatua ya 3: Chagua kichwa cha risasi

Hapa ndipo pa kukaa. Risasi hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Kwa kaliba ile ile, kichwa kizito ni kirefu zaidi, na kirefu hupenya zaidi kama hakikuvunjika. Ndiyo maana .30-06 ya greni 180 au 220 ni silaha tofauti kabisa na ile ya greni 150 iliyonitesa.

Kisha angalia kilivyoundwa. Kuna cha ncha laini cha kawaida: madini laini ya risasi ndani, koti jembamba la shaba nje. Kikigonga hufunguka kama uyoga. Kwa swala pala kinatosha sana. Kwa bega la pofu ni kubahatisha.

Kuna vilivyoimarishwa. Vingine madini ya risasi yamegandishwa na koti ili visiachane. Vingine vina ukuta wa shaba katikati, sehemu ya mbele inafunguka na ya nyuma inabaki nzima kusukuma. Mwanzo wa huu ukuta unafurahisha. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda moose (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) huko Kanada, mwenye tope lililokauka mwilini, na risasi zake za kasi zikawa zinapasuka bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akaunda kichwa chenye vyumba viwili, na mwaka 1948 akaanza kukiuza. Mnaowajua nyati waliotoka kugaagaa kwenye tope mnaelewa alichokiona. Vya tatu ni vya shaba tupu, havina madini ya risasi ndani kabisa. Hufunguka mbele kama petali nne na kubaki karibu na uzito wao wote. Mimi sasa hivi natumia hivi. Faida ya pili ni kwenye sufuria: risasi ya kawaida huacha chembechembe za sumu kwenye nyama, nyingine hazionekani kwa macho. Ukikata nyama ya kidonda, kata kwa upana wa kiganja pande zote, na usimpe mtoto.

Mwisho kuna vigumu visivyofunguka kabisa. Hivi ni vya tembo na kiboko, na vya nyati anapokukimbia kakupa makalio. Usivipige kwenye kundi. Kitapita nyati wa kwanza na kumjeruhi wa nyuma yake ambaye hukumwona.

Hatua ya 4: Sasa kaliba

Kwa tandala na pofu: .30-06 (ya mwaka 1906, bado haijazeeka), .308 au .300 Winchester Magnum, zote kwa kichwa kizito kilichoimarishwa.

Kwa nyati: .375 Holland & Holland, basi. Ilitoka London mwaka 1912. Inasukuma greni 300, yaani gramu 19.4, kwa mita kama 770 kwa sekunde. Inapiga nyati, na ukipenda inapiga swala pala bila kumharibu sana, maana haina papara. Nchi nyingi za Afrika zimeifanya .375 kuwa mpaka wa chini kwa wanyama hatari. Ukitaka nzito zaidi kuna .416 Rigby (greni 400) na .458 Winchester Magnum (greni 500), lakini hizo ni za mwindaji bingwa anayemlinda mgeni wake. Wewe mwenye leseni ya mnyama mmoja kwa mwaka huzihitaji, hata kama zinapendeza kwenye picha.

Hatua ya 5: Bega lako

Teke la .375, yaani bunduki inavyokurudi begani, ni karibu mara mbili ya la .30-06. Nimeona vijana wenye nguvu za kubeba magunia wakifumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Mtu anayefumba macho na .458 ni hatari kuliko mwenye .375 aliyetulia. Anza kulenga mita 25, ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, ukipata nenda mita 100. Kisha acha mfuko, piga ukiwa umesimama umeegemea fimbo, kwa sababu porini hakuna meza.

Na ulenge wapi? Wanyama wetu moyo uko chini na mbele kuliko unavyodhani. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kupanda, simama theluthi moja ya mwili kutoka chini. Hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mzee. Nimesoma kuwa Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo zaidi ya elfu, wengi kwa 7 mm. Sasa .375 ya nini?

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na kaliba yake ya 7x57 ilitoka mwaka 1892. Lakini alitumia vichwa vigumu, virefu, akijua ubongo wa tembo ulipo kwa pembe yoyote, na tembo wa enzi zake hawakuwa wameijua bunduki. Kama una macho yale na mikono ile, sina ubishi.

Mkuu, risasi nzito inapita kwenye vichaka bila kupinda, au ni maneno ya vijiweni?

Vijiweni. Kila risasi hupinda ikigusa kijiti, nzito hupinda kidogo pungufu tu. Subiri uwazi. Mnyama asipokupa uwazi, leo si siku yako.

Zile risasi za kijeshi zenye koti zima si sawa na hivyo vigumu? Bei yake ni nafuu.

Si sawa hata kidogo. Koti lake ni jembamba na ndani ni laini, likigonga mfupa mkubwa linapinda au kupinduka, likikosa mfupa linatoboa tundu dogo na mnyama anakwenda kufia mbali. Na risasi za kijeshi mkononi mwa raia ni kesi.

Mzee, .308 ya greni 180 kwa pofu, unaniruhusu?

Kichwa cha shaba tupu au kilichoimarishwa, ndani ya mita 100, ubavu. Akikupa makalio, shusha bunduki.

Baba amefariki ameacha .458 na boksi mbili za zamani, zimekaa kwenye sanduku chini ya bati miaka mingi. Naweza kwenda nazo msimu huu?

Pole sana na msiba. Kwanza, silaha hairithiwi kama shamba, ipeleke Polisi wakuelekeze taratibu upya kwa jina lako. Pili, hizo risasi usizitegemee. .458 za zamani zilijulikana kwa baruti iliyoshindiliwa hadi ikagandamana, zikaja kulia kidogo na risasi kutoka dhaifu. Ongeza joto la Dodoma chini ya bati. Hao wakubwa wa zamani kama .416 Rigby walipewa ganda kubwa makusudi, ili joto la nchi zetu lisipandishe mgandamizo. Risasi za baba zikabidhi pamoja na bunduki, nyati mwendee na boksi jipya.

Na bunduki yenyewe itanifaa? Mimi ni mwembamba.

Baba yako alikuwa mrefu kuliko wewe? Kama ndiyo, kitako kitakuwa kirefu kwako. Fundi anaweza kukipunguza sentimita mbili na kuweka mpira. Ukishapata kibali, piga tano tu siku ya kwanza, halafu uniambie bega limesemaje.