Kupika mkate wa kumimina ukiwa Berlin

Mkate wa Ujerumani ni mweusi, mzito, una uchachu. Kwa siagi naula kwa raha. Lakini Ramadhani ikiingia, moyo unataka mkate wa kumimina kama wa kwetu Unguja.

Roweka vikombe 2 vya mchele wa basmati usiku kucha. Asubuhi uchuje, uusage kwa blenda na kikombe 1 cha tui la kopo, hamira kijiko 1 cha chai, iliki, na wali kijiko kimoja. Tui la kopo ni zito kuliko la kukuna, kwa hiyo liongeze maji ya uvuguvugu kidogo.

Hapa ndipo wengi hukwama: jikoni huku kuna baridi, mchanganyiko hauumuki upesi. Mimi huliweka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka, hadi mapovu yajae juu. Ndipo natia sukari nusu kikombe.

Paka sufuria mafuta, ipate moto hasa, mimina, usikie inavyochachatika. Mkate ukishika pembeni, uhamishie kwenye oveni, moto wa juu, badala ya yale makaa tunayoweka juu ya kifuniko nyumbani. Utoe ukipata rangi ya dhahabu.