Usifunike gari lenye vumbi
Wenye magari wa Dar na Mombasa, tafadhali msivalishe kava gari lenye vumbi. Upepo ukilitikisa, mchanga ulionaswa chini yake hukwangua rangi kama msasa. Kwenye gari jeusi utaiona mikwaruzo yote juani. Osha, acha likauke kabisa, ndipo ufunike. Kava liwe la kupitisha hewa, maana turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, na huku pwani kuna chumvi pia.

Kwa anayepita barabara za kokoto, bandika filamu angavu (plastiki nyembamba isiyo na rangi, ya kukinga rangi ya gari) kwenye boneti na bampa la mbele. Kubandika gari zima ni gharama kubwa. Ila kama rangi imepigwa upya, muulize fundi aliyeipiga lini itakuwa imekomaa, yaani imekauka na kushika kabisa. Ukibandika mapema mno, siku ya kuibandua filamu inaweza kung'oka na rangi.