Kabla masika hayajafika kabatini

Nguo ikitoka kabatini na vidoa vyeusi, wengi hulaumu mkunjo. Kwetu pwani mwenye kosa ni unyevu. Nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi kidogo tu huingia kawa, na kawa ni mgumu kutoka hata kwa jiki. Nilijifunza hilo kwa kanzu yangu ya Idi.

Masika ni Machi hadi Mei, kwa hiyo kazi ya kukunja na kupanga nguo kabatini ni ya Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma.

Kwanza hakikisha nguo imekauka kweli. Usiamini mgongo wa shati. Shika kola, mifuko, pindo na kiuno cha suruali, sehemu zenye kitambaa maradufu. Mkono nao hudanganya: weka pindo shavuni, na ukisikia ubaridi irudishe kambani. Iliyotoka kwenye pasi usiikunje hapo hapo, maana bado ina mvuke. Itandaze kitandani ipoe. Na ile uliyoivaa mara moja ukasema "bado safi" haingii kabatini bila kufuliwa, jasho huvuta wadudu. Hata kanga mpya zifue kama zitakaa muda mrefu, kwa sababu mende hupenda ule wanga wa dukani.

Kabati lenyewe litoe kila kitu, lifute, liache wazi kutwa. Lisogeze shubiri moja kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa na mvua. Usitandike gazeti, wino wake hushika nguo nyeupe. Kanga kuukuu inatosha.

Sasa ndiyo ukunje. Kata kipande cha boksi kiwe kipimo, mashati yote yatoke upana mmoja. Doti ya kanga ikae pamoja, na mkunjo wa mwisho uache jina juu: siku ya shughuli utalisoma tu, hutapekua rundo zima. Sweta hukunjwa, kwani ukilitundika mabega huvutika. Kanzu, mabaibui na suti ziende kwenye henga. Usishindilie, kiganja kipite kati ya rundo na rundo.

Vile vidonge vyeupe vya nondo si vya kuchezea. Vingi vina naftalini, ambayo huweza kuharibu chembe nyekundu za damu, hasa kwa watoto wachanga waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo. Visikae kamwe na nguo za mtoto, wala mahali anapoweza kuviokota akadhani peremende. Mimi hufunga karafuu kwenye kitambaa. Zinanukia vizuri, ingawa nguo mbichi haziikaushi. Udi pia hewala, ila nguo iliyofukizwa ipungwe upepo kwanza.

Masika yakishaingia, siku jua litakapochomoza fungua milango ya kabati saa moja au mbili. Mvua ikianza, ifunge.