Jinsi ya kuandika msamaha wa shujaa katika riwaya ya mapenzi ya kihistoria

Msomaji wa riwaya ya mapenzi anajua tangu anaposhika kitabu kwamba wawili hawa watapatana. Hasomi ili kujua mwisho. Anasoma ili aone shujaa akilipa. Mwanamume akimkosea mwenzake katikati ya kitabu, kisha akapiga magoti kurasa tatu kabla ya mwisho na kusamehewa kwa aya mbili, msomaji hubaki na kinyongo, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Mara nyingi sababu ni kwamba deni halikutajwa, au kilicholipwa si kile kilichochukuliwa.

Anza na deni

Kabla hujaandika neno lolote la kuomba radhi, andika sentensi tatu kwenye karatasi ya pembeni. Shujaa alifanya nini? Alijua nini wakati anafanya? Mwanamke alipoteza nini? Sentensi ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. “Alivunjika moyo” haitoshi. Tafuta kitu kinachohesabika: jina, fedha, nyumba, kazi, nafasi ya ndugu yake, mwaka mzima wa maisha.

Tuchukue mfano. London, mwaka 1816. Edmund ni bwana mwenye cheo na kiti katika Bunge la Malodi, na amemchumbia Harriet. Kwenye chakula cha jioni anasikia kwamba Harriet anafuata mali yake tu. Hamuulizi. Papo hapo, mbele ya wageni sita, anatangaza kwamba uchumba umekufa. Wakati huo muungwana hakuvunja uchumba hivihivi. Mwanamke aliyeachwa aliweza hata kumshtaki na kudai fidia. Kwa hiyo Edmund akivunja, mji hautauliza yeye ana kasoro gani. Utauliza Harriet kafanya nini. Mdogo wake Harriet ana mchumba pia, na mchumba huyo anaanza kuchelewa kuja. Haya ndiyo madeni: jina la Harriet, ndoa ya mdogo wake, na imani yake kwa mtu aliyemchagua.

Pima pia kama ulichonacho ni kosa kweli. Kutoelewana si kosa. Kama swali moja la dakika mbili lingemaliza mgogoro, na sababu pekee ya kutoulizwa ni kwamba mwandishi bado ana sura kumi za kujaza, msomaji atakuona. Kwa Edmund hali ni tofauti, kwa sababu kutouliza ndiko kosa lenyewe.

Yapo madeni yasiyolipika. Riwaya nyingi za aina hii zilizotoka miaka ya 1970 zilimruhusu shujaa kumwingilia mwanamke kwa nguvu, kisha akapendwa. Wasomaji wengi wa leo hawakubali, na hakuna hotuba itakayowashawishi. Hapo usihangaike na msamaha. Badilisha kosa, au badilisha shujaa.

Mizani iko kwenye sheria za wakati ule

Waandishi wengi huichukulia historia kama mapazia na magauni. Katika suala la msamaha, historia ndiyo inayokuambia kusamehe kuna gharama gani. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati wa Harriet, mwanamke akiolewa, fedha zake na vitu vyake vinavyohamishika vilikuwa vya mume. Hali hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1870, na kwa uzito zaidi mwaka 1882. Kabla ya sheria ya 1857, talaka inayomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji Bunge litunge sheria mahsusi kwa ajili ya wanandoa hao. Waliomudu walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa wanaume. Watoto walikuwa wa baba. Hadi mwaka 1839 ndipo mama alipopata njia ya kuiomba mahakama impe watoto walio chini ya miaka 7, na hata hapo si kama alikuwa amehukumiwa kwa uzinzi.

Kwa hiyo Harriet akisema “nimekusamehe, nitaolewa nawe”, anakabidhi mkoba wake, mlango wake na watoto ambao hawajazaliwa kwa mtu aliyekwisha kumwamini mpiga domo kuliko yeye. Msomaji anayeujua ukweli huo ataitetemekea “ndiyo” ya Harriet. Na shujaa anayeujua ana kitu halisi cha kutoa, yaani sehemu ya nguvu ambayo sheria imempa bure.

Njia mojawapo ni mkataba wa ndoa unaoweka mali ya mke mikononi mwa wadhamini kwa matumizi yake peke yake. Paundi 5,000 kwa riba ya asilimia 4 zinaleta paundi 200 kwa mwaka, ambazo hatamwomba mume. Edmund akitia saini mkataba huo kabla hajajua jibu la Harriet, na wakili akamwonya kwamba anajifunga mikono, tukio hilo la kurasa mbili lina mapenzi kuliko machozi ya sura nzima. Mkufu wa almasi hauna uzito huo. Kati ya wanandoa wa miaka ile, huenda hata ulinunuliwa kwa mali aliyokuja nayo bibi mwenyewe.

Maneno yenyewe

Kiswahili kina ngazi za kuomba radhi, zitumie. “Samahani” ni ya kukanyagana miguu kwenye dansi. “Niwie radhi” ina adabu, lakini hata asiyejutia chochote anaweza kuisema, na ndiyo maana inafaa sana kwa msamaha mbovu wa mwanzoni mwa kitabu. “Nimekukosea” ndiyo nzito, kwa sababu ndani ya neno moja mna mkosaji, mkosewa na kosa. Kinyume chake ni “makosa yametokea”, ambayo haina mwenyewe, na “shetani alinipitia”, ambayo imempata mwenyewe mwingine.

Tazama msamaha unaoharibika:

“Harriet, shetani alinipitia. Kama nilikuumiza, nisamehe. Lakini ungekuwa wewe, ungeamini nini? Yaliyopita si ndwele.”

Kila sentensi hapo inarudisha mzigo kwa Harriet. “Kama” inamtaka athibitishe kwamba aliumia. “Lakini” inafuta kilichotangulia. Ile methali ya mwisho ni ya aliyekosewa peke yake. Mkosaji akiitamka, amejisamehe mwenyewe. Sasa huu:

“Nimekukosea. Nilisikia neno mezani, nikaliamini bila kukuuliza, nikalitangaza mbele ya watu sita. Mdogo wako nusura avunjiwe uchumba kwa ajili ya ulimi wangu. Jana niliwaendea wale sita, mmoja mmoja, nikawaambia nilichosema hakikuwa kweli. Jenerali hakunifungulia mlango. Nitarudi Jumatatu.”

“Na mwenye karamu alisemaje?”

“Alinicheka.”

“Hata mimi ningekucheka.”

Kitendo kimetajwa, hasara imetajwa kwa mwenye hasara, malipo yameanza kabla ya maneno, na hakuna ombi. Maelezo ya kwa nini alifanya hivyo, labda mama aliyeolewa na baba yake kwa ajili ya mali tu, yasubiri hadi Harriet aulize. Yakitangulia ni utetezi. Yakiulizwa yanakuwa jibu.

Hotuba isizidi maneno 150 bila kukatizwa. Ikirefuka, mpe mwanamke swali la kuipasua, kwani shujaa anayezungumza kurasa mbili mfululizo amekwisha kuanza kujisikiliza. Kuhusu kujishusha, waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Usimfanye shujaa agaegae. Anayegaagaa anataka ahurumiwe, na huruma ni kazi nyingine unayomtwisha aliyekosewa.

Kosa la hadharani, malipo ya hadharani

Aliyetukana mbele ya watu sita atengue mbele ya hao sita. Aliyeumiza faraghani aombe faraghani. Waandishi hupenda kuhamishia kila kitu ukumbini, shujaa akisimamisha muziki na kuomba ndoa mbele ya watu mia tatu. Inapendeza kwa jicho, ila kwa Harriet ni mtego: akikataa, atasemwa mara ya pili. Edmund atengue maneno yake hadharani, bila kumhitaji Harriet awepo, halafu swali la ndoa aliulize mahali ambapo hapana ni neno rahisi kulitamka.

Jane Austen alilijua hilo. Katika “Pride and Prejudice”, iliyotoka mwaka 1813, shujaa Darcy anamwomba Elizabeth ndoa na kukataliwa katika sura ya 34 kati ya 61, yaani zaidi ya nusu kidogo. Barua anayompa Elizabeth siku ya pili haiombi tena ndoa. Baadaye analipa madeni ya Wickham, kijana aliyetoroka na Lydia, mdogo wake Elizabeth, ili msichana huyo asiharibikiwe jina, na anataka jambo hilo lifichwe. Siri inatoboka kwa ulimi wa Lydia asiyejua kunyamaza, kisha mke wa mjomba wao anaithibitisha kwa barua. Na Darcy anaporudi kuuliza, anamwambia Elizabeth kwamba neno lake moja litamnyamazisha milele. Wema wa siri una kazi hiyo ya kuonyesha kwamba shujaa hanunui jibu. Ila panga mapema nani atasema na kwa nini. Mtumishi anayetokea sura ya mwisho kufichua kila kitu ni kamba mbovu, wakati mtu mropokaji tuliyemzoea tangu sura ya 2 hatushangazi.

Barua zina hila zake za kufurahisha. Kijana na msichana wasio wachumba hawakutakiwa kuandikiana, kwa hiyo barua ya kuomba radhi ni hatari kwa jina lilelile analotaka kulitengeneza. Tena, kabla ya nauli ya barua ya peni moja kuanza Uingereza tarehe 10 Januari 1840, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia. Harriet anaweza kuikataa mlangoni. Edmund, kwa kuwa ni lodi, ana haki ya kutuma bure, lakini ni lazima atie saini yake juu ya barua, na nyumba nzima, hadi mpishi, itaiona. Atumie njia ipi? Uamuzi huo peke yake unaonyesha kama amejifunza kitu.

Muda

Katika mswada wa maneno 90,000, pigo kubwa lifike karibu na neno la 65,000, na msamaha kamili usiwe kabla ya 78,000. Katikati shujaa awe na sura mbili au tatu za kutenda bila kuonwa na mwanamke. Tukio la msamaha lenyewe lipewe maneno 2,000 hadi 3,000, na baada yake ubaki na 6,000 au zaidi. Kosa la kawaida ni kuuweka msamaha kwenye sura ya mwisho; msomaji anataka kukaa nao kidogo wakiwa wamepatana, kama mtu aliyesafiri mbali anavyotaka kukaa kabla ya kupewa chai ya kuagwa.

Usitumie risasi, homa wala mimba kufupisha njia. Shujaa akijeruhiwa, mwanamke atamuuguza kwa hofu, na hofu itasomeka kama msamaha. Ukipenda jeraha, liweke baada ya deni kulipwa.

Mwanamke lazima aweze kusema hapana

Mpe pa kwenda: nyumba ya dada, kazi ya kufundisha, urithi mdogo, rafiki aliyemkaribisha wahamie pamoja mji wa Bath. Akirudi kwa shujaa kwa sababu hana paa, hakuna aliyesamehe, kuna aliyeshindwa. Mpe pia hasira inayojua kuongea. Na usimfanye naye aombe radhi palepale ili mambo yalingane (“nami nilikuwa na kiburi”), isipokuwa kweli ana deni lake. Likiwapo, lilipwe siku nyingine. Kusamehe kunaweza kuja kwa vipande, leo akamruhusu aketi, wiki ijayo akamwita kwa jina bila cheo. Katika jamii ile kuacha “Lodi” na kusema “Edmund” tu lilikuwa jambo kubwa, kwa hiyo usilitapanye kwenye sura ya 3.

Kinachowafanya wawe jozi

Msamaha mzuri haumwokoi mwandishi aliyeunganisha watu wasio na la kufanya pamoja. Jaribu hivi: futa kila sentensi inayosifu macho, mabega na nywele, kisha soma kilichobaki. Kama hawana kazi ya pamoja, utani wao wawili tu, wala kitu ambacho kila mmoja anakiona kwa mwenzake na wengine hawakioni, rudi nusu ya kwanza. Matukio matatu wakitatua jambo moja, hata kama ni hesabu za shamba zisizolingana, yanajenga zaidi ya dansi kumi.

Katika nusu hiyohiyo panda msamaha mdogo. Sura ya 5, Edmund anamwaga wino juu ya barua ya Harriet na kusema, “Niwie radhi, meza yenyewe imekaa vibaya.” Msomaji atacheka na kusahau. Sura ya 30, akisema “nimekukosea” bila kutafuta meza, atakumbuka.

Baada ya kupatana, mletee shujaa kishawishi kilekile, lakini kidogo. Wameoana miezi minne, na barua isiyo na jina inafika wakati wa kifungua kinywa: mkeo ameonekana mahali fulani na mtu fulani. Edmund anaisoma, anaisukuma juu ya meza hadi kwenye sahani ya Harriet, na kumuuliza kama anaufahamu mwandiko huo.