Kupima HP Z420 ya mtumba: Memtest peke yake haitoshi

Hatua hizi ni za HP Z420, ila zinafaa pia kwa wokstesheni nyingine zenye prosesa za Xeon E5 na RAM ya ECC (inayojisahihisha makosa madogo). Andaa flashi mbili: moja ya Memtest86+ (programu ya kupimia RAM) toleo la 6 au jipya zaidi, nyingine ya Linux inayobuti bila kuinstoli. Programu za kupimia RAM ndani ya Windows achana nazo. Windows imeshakalia sehemu ya RAM hiyohiyo, na sehemu hiyo haipimwi.

1. Hesabu milio

Mashine isipotoa picha, hesabu milio na taa nyekundu ya swichi inavyopepesa. Mara 2 ni joto, 3 prosesa, 4 pawa saplai, 5 RAM, 6 kadi ya picha, 7 bodi. Milio hunyamaza baada ya muda lakini taa huendelea, kwa hiyo fuata taa.

Ukipata 5 na RAM umeinunua jana, soma lebo yake. Z420 inataka yenye E mwishoni, kama PC3-12800E. Yenye R mwishoni ni ya seva, haiwaki humu. Kama lebo iko sawa, sugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, pangusa, irudishe mpaka vibanio vya pande zote mbili vijifunge vyenyewe.

2. Diski

`smartctl -a /dev/sda`, uangalie namba 5, 197 na 198 (hesabu za sehemu mbovu) kwenye safu ya RAW_VALUE. Zozote zikizidi sifuri, usiweke kazi ya mtu humo. 199 ikipanda, badilisha waya wa SATA kabla ya kuilaumu diski.

3. Joto

Ipe prosesa mzigo kwa `stress-ng --cpu 0 -t 30m`, na usome joto kwa `sensors` kwenye dirisha la pili. Linganisha na kikomo kilichoandikwa pembeni. Ikikikaribia, safisha vumbi, paka pesti mpya kati ya prosesa na hitsinki (chuma cha kuipoza).

4. RAM

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Memtest inazunguka usiku kucha, asubuhi makosa ni sifuri, halafu mashine inaganda katikati ya kurenda video. Sababu ni kwamba ECC husahihisha kosa la biti moja kabla data haijaifikia programu. Memtest inaletewa data iliyokwisha kurekebishwa, haina cha kulalamikia. Ikionyesha kosa, amini. Ikionyesha sifuri, bado hujapima.

Kwanza hakikisha ECC inafanya kazi. Kwenye Linux andika `dmidecode -t memory`: Total Width iwe 72 na Data Width 64 kwa kila RAM. Moja tu ikisoma 64 kwa 64, si ya ECC, na hiyo moja inazima ECC ya mashine nzima. Kisha `ls /sys/devices/system/edac/mc/`, mahali Linux inapohesabia makosa ya ECC. Usipoona mc0, jaribu `modprobe sb_edac`. Ikikataa, ECC imezimwa. Rudi ukague RAM moja moja.

Sasa ipe mzigo. Kwa mashine ya GB 16:

`stressapptest -M 12000 -s 7200 -W`

Usiweke 16000, Linux nayo inahitaji nafasi. Saa mbili hizo zikiisha, na bila kuzima mashine, soma hesabu ya makosa ambayo ECC imeyasahihisha:

`grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/dimm*/dimm_ce_count`

Kaunta hizi hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo penye umeme wa kukatikakatika weka UPS. Kosa moja kwa saa mbili, rudia jaribio. Makumi kwenye RAM ileile, hiyo imechoka hata kama stressapptest imeandika PASS.

Tatizo ni majina. Linux itakwambia `dimm3`, au `Chan#1_DIMM#0` kwenye faili ya dimm_label, wakati bodi ina namba zake, na hizo mbili hazioani. Usikisie. Weka alama kwenye RAM zote kwa kalamu, badilishana mbili kati ya nafasi zao, rudia jaribio. Makosa yakihama, umempata mbaya wako. Yakibaki palepale, RAM ni nzima, shida iko kwenye tundu au kwenye soketi ya prosesa: pini iliyopinda, au hitsinki iliyokazwa upande mmoja ikainua prosesa kidogo. Ilegeze yote, kisha kaza skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, kabla hujatangaza kwamba bodi imekufa.