Septemba hadi Majilio: mwongozo wa mwanagenzi wa kanisa katika usharika wa Kijerumani

Ukitaja vuli Tanga au Morogoro, watu wanawaza mvua na jembe. Ujerumani miezi hiyo hiyo ni ya majani kupukutika, ukungu wa asubuhi na giza la mapema, na katika kanisa la Kiinjili ni miezi yenye shughuli nyingi mno. Usharika unaanza na shukrani ya mavuno Jumapili ya kwanza ya Oktoba, na wiki saba au nane baadaye unasoma kwa sauti majina ya marehemu wake wa mwaka mzima. Mwanagenzi, vikari (mchungaji aliye mafunzoni) au kijana wa kujitolea aliyetoka dayosisi ya nyumbani hukabidhiwa mambo madogo madogo ya kati: meza ya mavuno, joto la kanisa, taa za watoto, mishumaa. Hayo madogo ndiyo yanayobeba ibada, na yakiharibika kila mtu anayaona.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Leo safari ni ya kwenda na kurudi, kwa hiyo mwongozo huu unamlenga Mswahili anayekutana na msimu huu kwa mara ya kwanza.

Anza na saa

Mjerumani akikwambia "halb acht", usisikie nusu na nane ukadhani ni nane na nusu. Maana yake ni nusu ya kuiendea nane, yaani 7:30 kwa saa yao, na kwetu ni saa 1 na nusu. Kosa hili hupoteza saa nzima, na kikao cha wazee wa kanisa huanza bila wewe. Dawa yake ni kurudia muda kwa tarakimu za saa 24 mbele ya aliyekuambia, kisha kuandika 19:30 kwenye daftari hapo hapo. Usiibadilishe kuwa saa ya Kiswahili kichwani ukiwa bado unazungumza. Kugeuza mara mbili kwa mpigo ndiko kunakokosesha.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma: saa 9 usiku inakuwa saa 8. Simu inajirekebisha yenyewe. Mtambo wa kengele na kipima muda cha joto la kanisa, hasa vya zamani, havijirekebishi. Jumamosi jioni muulize mtunza kanisa, wanayemwita Küster, kama amevigusa. Vikisahauliwa, kengele italia saa nzima kabla ya ibada na joto litazimika watu wakiwa wanaimba. Tangu siku hiyo tofauti ya saa na nyumbani inakuwa mbili badala ya moja. Ukipiga simu saa 2 usiku ya huko, Dodoma ni saa 4 na wazee wameshalala, basi sogeza simu za nyumbani mapema.

Meza ya mavuno

Kwetu sikukuu ya mavuno ina mnada: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, na kelele za furaha nje ya kanisa. Huko hakuna mnada. Vitu huletwa, hupambwa mbele ya madhabahu, huombewa, kisha mara nyingi hupelekwa Tafel, mashirika yanayogawa chakula kwa wenye uhitaji, ambayo yalianzia Berlin mwaka 1993. Ukipendekeza mnada siku ya kupamba, utaeleweka vibaya. Pendekeza mwezi mmoja kabla, mbele ya mchungaji, na mara nyingine watakubali kuujaribu kwenye kahawa ya baada ya ibada.

Piga simu Tafel wiki moja kabla na uulize mambo matatu: wanapokea siku gani, wanapokea mboga mbichi kiasi gani, na kama wanakubali jamu na achari za kutengenezwa nyumbani. Mara nyingi hizo za nyumbani hazikubaliwi. Ukijua mapema unaziweka kando kwa ajili ya kahawa ya usharika, na bibi aliyezileta haaibiki Jumatatu.

Kupamba kunafanyika Jumamosi mchana. Tandika kwanza nailoni sakafuni, juu yake gunia au kitambaa kizito, kwa sababu boga lenye jeraha chini huvujisha maji usiku kucha na kulitia doa jiwe. Usiweke chochote juu ya kitambaa cha madhabahu chenyewe. Vitu vizito viwe chini na mbele: maboga makubwa matatu au manne, kabichi, viazi mviringo kilo 10 ndani ya kikapu kilicholazwa ubavu ili vionekane vinamiminika. Matufaha kreti mbili, mbali na mboga za majani, maana tufaha hutoa hewa inayozifanya mboga zinyauke na kugeuka njano haraka. Miganda ya ngano na shayiri isimame pembeni imefungwa kwa kamba mahali pawili, juu na chini; ikifungwa mara moja tu katikati hufunguka kama mwavuli na kuanguka kwenye somo la kwanza. Mkate mkubwa unakaa katikati, umefunikwa kwa kitambaa safi hadi asubuhi usije ukakauka. Zabibu zilete Jumapili yenyewe, kwani mwanzoni mwa Oktoba nyigu bado wapo na hujaa mle kanisani.

Acha njia ya hatua mbili pande zote za madhabahu. Mchungaji atapita na kikombe cha ushirika, amevaa joho refu, na joho hufagia.

Jambo moja si la urembo. Yale maboga madogo ya rangi rangi, yenye vinundu na mistari, ni ya mapambo tu. Yana uchungu wenye sumu na hayaliwi hata yakipikwa. Yatenge kwenye kreti yake, uiandike kwa herufi kubwa kuwa si chakula, na lisichanganyike hata moja na yale yanayokwenda kwa familia zenye njaa.

Joto la kanisa, na joto lako

Mwanagenzi kutoka nchi ya joto akiingia kanisa la mawe mwezi Novemba, kitu cha kwanza anachotamani ni kufungulia joto hadi mwisho. Usifanye hivyo. Kanisa la zamani lina kinanda cha mabomba, sanamu za mbao na dari iliyochorwa, na mbao hizo zimezoea unyevu. Hewa ikipashwa ghafla inakauka, mbao zinasinyaa na kupasuka, kinanda kinapoteza sauti zake; na mvuke wa pumzi za watu unagota kwenye kuta ambazo bado ni baridi, ukungu unaota nyuma ya picha. Kipimo kinachofuatwa ni kupandisha nyuzi 1 hadi 1.5 za Selsiasi kwa saa, si zaidi. Piga hesabu: kutoka nyuzi 8 hadi 14 ni saa nne hadi sita. Ibada ikiwa saa 4 asubuhi, mtambo unaanza kati ya saa 10 usiku na saa 12. Kinachowaumiza wazee ni kukaa kwenye benchi baridi, kwa hiyo weka blanketi mlangoni, moja kwa kila watu watatu, na uziwahi kuziosha baada ya wiki chache. Sharika nyingi tangu 2022 zimehamishia ibada za baridi kwenye ukumbi mdogo. Ukikuta hivyo, usilione kuwa ni kanisa lililokufa.

Mwilini vaa tabaka tabaka: fulana ya sufu inayogusa ngozi, shati, sweta, na koti lisilopitisha upepo. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki na inakupoza ukisimama makaburini. Viatu viwe vikubwa kidogo ili soksi nene isibane. Vidole vikibanwa damu haipiti na soksi haina kazi.

Majani njiani yafagie kabla ya ibada, hasa kwenye ngazi na mteremko. Jani kavu ni pambo, jani bichi lililolowa linateleza kama sabuni, na mzee akivunjika nyonga wenye nyumba ndio wanaowajibika. Sehemu nyingi jua linazama kabla ya saa 10 na nusu jioni kufikia mwisho wa Novemba. Toka nje kila siku saa 6 mchana hata dakika 20. Giza likimkuta mtu amejifungia chumbani wiki nzima, huzuni inaingia na anaidhania kuwa ni dhambi au udhaifu wa imani, kumbe mwili umekosa mwanga.

Sikukuu za katikati

Tarehe 31 Oktoba ni kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa, tangu Luther na hoja zake 95 za Wittenberg mwaka 1517. Ni siku ya mapumziko katika majimbo 9 kati ya 16. Kwingine ibada huwa jioni. Rangi ya madhabahu ni nyekundu.

Tarehe 11 Novemba watoto huandamana na taa za karatasi wakimkumbuka Martin wa Tours, aliyegawana joho lake na maskini. (Luther alibatizwa siku hiyo mwaka 1483, ndiyo maana akaitwa Martin.) Tumia fimbo zenye balbu, si mishumaa, kwani upepo ukipiga karatasi huwaka mkononi mwa mtoto. Beba betri za akiba na fimbo tano za ziada. Mtu mzima mwenye kizibao cha kung'aa awe mbele, mwingine nyuma kabisa, na kama kuna farasi watoto wakae mita 5 nyuma yake.

Siku ya Toba na Sala ni Jumatano iliyo kabla ya tarehe 23 Novemba. Tangu 1995 ni mapumziko katika jimbo la Saxony peke yake, kwa hiyo kwingine panga ibada baada ya saa za kazi.

Jumapili ya marehemu

Hii ndiyo siku ya kujiandaa kuliko zote. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliiagiza mwaka 1816, na huangukia kati ya tarehe 20 na 26 Novemba. Kila jina la aliyefariki mwaka huo linatajwa, na mshumaa unawashwa kwa ajili yake. Familia zinaalikwa kwa barua wiki tatu au nne kabla.

Msiba wa huko ni wa kimya. Hakuna matanga, mazishi yanaweza kuwa wiki mbili baada ya kifo, na kaburi hukodiwa, mara nyingi kwa miaka 20 hadi 30. Mjane anaweza kuwa amekaa na huzuni yake peke yake tangu Februari, na Jumapili hii ndipo kwa mara ya kwanza anasikia watu wengine wakilitaja jina la mumewe. Ukilikosea, umemnyang'anya alichokuja kukifuata.

Basi chukua orodha ofisini siku kumi kabla, uilinganishe na kitabu cha mazishi, na uandike kila jina kwa matamshi ya Kiswahili. Herufi zetu zinasaidia ukizigeuza vizuri. W yao isome v, na v yao mara nyingi ni f: Vogel ni "Fogel". Z ni "ts", hivyo Zimmermann huanza na "Tsi". J ni y. Ei ni "ai", kwa hiyo Schneider ni "Shnaida". Ie ni i ndefu. Eu ni "oi". Ch baada ya a, o au u ni ile kh ya "kheri", na hapo Mswahili ana faida kuliko wageni wengi. Ukishamaliza msomee mtunza kanisa orodha nzima, yeye aliwajua. Orodha isipigwe picha wala kutumwa kwenye makundi ya simu.

Mishumaa nayo ina hila. Utambi mpya una nta juu na hugoma kushika moto, na sekunde kumi za kuhangaika mbele ya familia ni ndefu mno. Jumamosi washa kila mshumaa sekunde 30, zima, kata utambi ubaki milimita 5. Jaza sinia mchanga mkavu wa kina cha sentimita 5, panga mishumaa ukianzia nyuma kwenda mbele ili mkono wa anayewasha usipite juu ya mwali. Moto unachukuliwa kwenye mshumaa wa Pasaka. Weka ndoo ya maji nyuma ya nguzo.

Soma jina, vuta pumzi moja, ngoja mwali usimame, ndipo usome linalofuata. Majina 30 kwa mwendo huo ni dakika sita. Usiharakishe kwa kuogopa ukimya. Ukimya huo ni wao.

Mlangoni mpe kila familia mshumaa wake. Sema "Herzliches Beileid", yaani pole za dhati, na ushike mkono. Usimwite bibi "mama" hata kama ni wa umri wa mama yako. Mwite Frau, yaani Bi, na jina la ukoo, mpaka mwenyewe akuambie vingine. Usiulize alikufa kwa nini. Akitaka kusema, atasema, na wewe simama naye hata kama nyuma yake kuna foleni.

Daftari la jioni

Wanagenzi wengi hutakiwa kuandika tafakari, na wengi huziandika za mwezi mzima kwa usiku mmoja. Andika dakika 15 siku ile ile: kwanza ulichokiona na kukisikia, kisha ulichohisi, mwisho andiko lililokujia. Ukianza na andiko utajikuta unahubiri badala ya kukumbuka. Majina ya waumini usiyaandike. "Mzee wa benchi la tatu" inatosha.

Jumatatu baada ya Jumapili ya marehemu, chekecha mchanga utoe nta, na uhesabu mishumaa iliyobaki. Kila mmoja ni wa familia ambayo haikuja. Muulize mchungaji anwani, upeleke kwa miguu au baiskeli ukiwa na taa, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wasipofungua mlango usiuache mshumaa kizingitini. Rudi kesho yake.